Neno Nililolifuta Kwenye Utabiri wa Mvua

Nasimiyu binti yangu,

Mama yako amenifukuza chumbani kwako. Anasema nakunja nguo zako kama mtu anayefunga mzigo wa kuni, kwa hiyo nimekuja kukaa hapa mezani, saa tisa hii ya alasiri, wewe ukiwa bado Sirisia kumuaga nyanya yako. Kesho utapanda basi la Mombasa. Habari za chandarua, za kutotembea barabarani na simu mkononi, za kupiga simu ukifika, hizo atakupa yeye, na najua atakupa mara tatu. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni refu, na sehemu yake kubwa ni aibu yangu. Ndiyo maana naliandika. Nimeongea redioni miaka kumi na minane na watu nisiowaona, na sauti haijawahi kunitetemeka. Lakini nikijaribu kukusimulia hili ana kwa ana, naishia kukuuliza habari za ng'ombe.

Sehemu yake unaijua, kwa sababu ulikuwepo. Lakini ulikuwa mtoto, na mtoto huona kilichofanyika, haoni kilichokuwa ndani ya baba yake. Nataka ukione kabla hujaondoka.

Ulikuwa darasa la sita. Mimi nilikuwa na kipindi cha wakulima kila alfajiri, na watu wa hapa Kanduyi walikuwa wameanza kunijua kwa sauti. Ningeingia dukani kununua sukari, mtu akanigeukia: "Ah, si huyu ndiye Wanjala wa redio?" Siwezi kukuficha, nilipenda sana. Kila mwanzo wa msimu ofisi ya hali ya hewa ya kaunti ilituletea karatasi ya utabiri, na kazi yangu ilikuwa kuiweka katika Kiswahili cha mkulima na kuisoma hewani. Karatasi ya Machi ile ilikuwa imeandikwa kwa uangalifu mkubwa. Ilisema huenda mvua ya masika ikaanza mapema kidogo huku magharibi. Ikasema kuna uwezekano, ila si mkubwa, kwamba ingezidi kawaida. Ikawaomba wakulima wafuatilie taarifa za kila wiki kabla ya kuweka mbegu ardhini.

Niliisoma nikaona haina nguvu. Siku hizo nilikuwa nimegundua kwenye simu yangu ramani za bahari, zile zinazoonyesha maji ya moto kwa rangi nyekundu na ya baridi kwa buluu. Nikaona wekundu katikati ya Pasifiki, nikasoma mistari miwili mitatu, nikajiona mtaalamu. Nikachukua kalamu. Kila palipokuwa na "huenda" nikafuta. Palipoandikwa "kuna uwezekano" nikaweka "itanyesha".

Wewe ulikuwa unafanya hesabu zako ng'ambo ya meza hii hii. Ukainua shingo ukatazama.

"Baba, mbona unafuta? Hapa wameandika huenda."

"Redio haina nafasi ya huenda," nikakujibu. "Mkulima anataka kujua."

"Lakini wao hawajui."

"Nasimiyu, malizia hesabu."

Asubuhi iliyofuata niliwaambia watu wa Bungoma na Trans-Nzoia kwamba mvua ingefika wiki ya pili ya Machi. Sauti yangu ilikuwa nzuri siku hiyo, nakumbuka. Nikamalizia: "Mkulima, ingia shambani. Panda!"

Na mvua ikaja! Wiki ya pili, Jumanne, ikanyesha mchana kutwa, na Jumatano tena. Nilipita stendi ya bodaboda wakanipigia honi wote, wakaniita Mzee wa Mvua. Mwenye hoteli akakataa pesa yangu ya chai. Watu wakapanda mbegu yote waliyokuwa nayo. Alhamisi jua likatoka, likakaa. Wiki moja, mbili, tatu, ya nne inaanza. Mahindi yalikuwa yameshachipuka, majani mawili matatu, yakajikunja kama karatasi iliyokaribia moto, kisha yakalala chini.

Senge wako Rael alinipigia simu kutoka Kiminini, kule upande wa Kitale. Unajua dada yangu alivyo. Mume wake alikufa mapema, akalima peke yake, akasomesha watoto wanne kwa jembe. Hapigi kelele.

"Wanjala."

"Naam, dada."

"Mahindi imekauka."

"Nimesikia, dada, pole sana."

"Hujasikia. Kuja uone. Ekari nne, yote. Mbegu imeisha, mbolea imeisha. Wewe si ulisema wiki ya pili? Hukusema labda. Hukusema pengine. Ulisema pandeni."

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi ya kuwa mwanamume. Nikasema: "Dada, mimi nilisoma tu vile niliandikiwa."

Nikasikia kuku wakilia nyuma yake. "Sawa," akasema, akakata.

Uongo ukishautamka kwa mtu unayempenda, kuutamka kwa wengine ni rahisi mno. Kesho yake wasikilizaji walinipigia hewani wakiwa wakali. Nikawaambia: "Ndugu zangu, mimi ni mdomo tu. Waulizeni walioandika huo utabiri." Mama yako aliniambia jioni kwamba ulikuwa unakunywa uji, redio ikiwa juu ya kabati, na ulipolisikia neno hilo uliweka kikombe chini, ukachukua mkoba, ukaenda shule bila kumaliza.

Aliyeandika utabiri ule alikuwa Madam Chebet, msichana wa kutoka mteremko wa Mlima Elgon, mwaka wake wa pili kazini. Wiki hiyo alienda kuongea na wakulima kwenye baraza, wakamzomea hadi akakaa chini. Niliambiwa na mtu aliyecheka akiniambia. Nikacheka naye.

Kisha jioni moja nikakuta karatasi kando ya sahani yangu. Ilikuwa ile ile ya utabiri, ikiwa vile vile kalamu yangu ilivyoikatakata. Nilidhani niliitupa. Ulikuwa umeiokota ukaihifadhi ndani ya daftari.

"Hii ni ya yule madam," ulisema. "Utamrudishia wewe, au nimpelekee mimi?"

Sikulala vizuri siku ile, na kulipokucha nilivaa koti langu la kanisani nikaenda ofisini kwake.

Nilijiandaa kutukanwa. Chebet aliniangalia nikiwa nimesimama mlangoni na karatasi yangu, akasema, "Kaa kwanza. Umekunywa chai?" Nilipomwambia nimekuja kuomba msamaha, alichukua ile karatasi, akahesabu kwa kidole maneno niliyoyafuta, akaiweka mezani. Kisha, badala ya kunigombeza, akanigeuzia kompyuta yake. Ilikuwa ramani ileile niliyoiona kwenye simu, ila yeye alijua kuisoma.

"Hewa husahau haraka," aliniambia. "Wingu la leo halijui chochote kuhusu mwezi ujao. Ni maji yanayokumbuka. Bahari ikishapata joto, inakaa nalo miezi mingi, na hilo joto ndilo linageuza upepo na kuamua mawingu yatajengwa wapi. Bila bahari, hakuna mtu duniani angeweza kusema lolote kuhusu msimu ambao haujafika."

"Basi nilikuwa sawa kuangalia bahari."

"Ulikuwa sawa. Ila uliiangalia mwezi gani?"

Akanionyesha. Mvua ya Oktoba hadi Desemba imefungwa kwa bahari kwa kamba iliyokazwa. Maji ya katikati ya Pasifiki yakipata joto kupita kawaida, na Bahari ya Hindi ikawa na joto upande wetu huku upande wa Indonesia ukipoa, upepo unaochukua unyevu kuupeleka mbali na sisi hulegea, na unyevu huo huja kumwagika huku kwetu. Inaweza kuonekana mapema, miezi miwili, wakati mwingine mitatu. Lakini Machi hadi Mei kamba ile imelegea. Mvua ya masika inasukumwa na mambo mengi madogo yanayopita kwa wiki moja au mbili, na bahari yenyewe wakati huo iko katikati ya kubadilika.

"Kwa hivyo mwezi wa tatu hamjui?" nikauliza.

"Tunajua kidogo," akasema Chebet. "Na hicho kidogo tulikiandika vile kilivyo. Wewe ndiye ulikitia chumvi."

Nimefundishwa na walimu wengi, Nasimiyu, na wengine walikuwa na fimbo. Hakuna aliyewahi kunipiga vile.

Ijumaa hiyo niliingia studio nikawaambia wasikilizaji ukweli wote: kwamba utabiri ulisema huenda, kwamba mimi ndiye niliyefuta, kwamba yule Madam waliyemzomea hakukosea. Nikaomba msamaha. Nilikuwa nimechelewa wiki sita tangu nilipofuta lile neno la kwanza. Meneja wetu alikuwa ananitazama kupitia kioo huku ameshika kichwa. Nikaondolewa kwenye kipindi, nikapewa matangazo ya vifo. Miezi minne nikawa nasoma majina ya marehemu na wajukuu wao, na kila jina nililisoma kwa uangalifu nisiokuwa nao kabla. Waliponirudisha kwa wakulima, nilirudi na sharti langu: Chebet awe anakuja studio mwenyewe kila mwanzo wa msimu, na utabiri usomwe mzima bila kukatwa.

Watu wengi walinisamehe. Senge wako hakunisamehe. Tuliongea kuhusu ng'ombe, shule, harusi, lakini mvua kwangu akaifunga. Nikifika kwake redio ilikuwa kwenye stesheni nyingine. Siku moja nilimuuliza kwa utani, akanijibu, "Hiyo yako inaimba vizuri, lakini mimi nalima." Ilikuwa hivyo kwa miaka mitano.

Sasa tufike kwenye mwaka wako wa kidato cha tatu.

Kuanzia mwezi wa saba Chebet alikuwa ananipigia simu akiwa na sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Pasifiki ilikuwa inapata joto wiki baada ya wiki. Bahari ya Hindi nayo ilianza kujipanga vile vile, joto upande wetu, baridi upande wa mbali. Bahari mbili, zote zinavuta upande mmoja, na ni kwa ule msimu ambao kamba yake imekazwa. Hata hivyo utabiri ulipotoka ulisema tu kwamba uwezekano wa mvua kubwa kupita kawaida, Oktoba hadi Desemba, ni mkubwa. Haukusema itanyesha.

Watu wa Nairobi wakisikia El Nino, yaani joto hilo la Pasifiki, wanafikiria mafuriko. Mimi nilifikiria Kiminini. Wewe unajua mahindi ya Trans-Nzoia: yanakaa shambani miezi sita, na wakati wa Oktoba mkulima anayakata, anayasimamisha kwa marundo, anaacha jua liyakaushe taratibu mpaka Novemba. Mvua ikiyakuta pale, yanaota yakiwa bado kwenye gunzi, na yasiyoota yanaingia kuvu yenye sumu. Jasho la mwaka mzima linakuwa chakula cha kutupa.

Nikasema naenda kwa dada yangu. Ulikuwa likizo ya Agosti, ukasema unakuja nami. Sikukwambia siku hiyo, ila nilishukuru, kwa sababu nilikuwa naogopa.

Senge alikuwa jikoni anachemsha maji ya ugali. Nilimweleza. Akanisikiliza akiwa amenipa mgongo.

"Sasa wewe Wanjala, sema. Itanyesha ama haitanyesha?"

"Sijui, dada."

Akageuka. "Umetoka Kanduyi mpaka hapa kuniambia ati hujui?"

"Nimetoka Kanduyi kukwambia ninachokijua, na pale kinapoishia."

Sijui angejibu nini, maana wewe uliingilia. Ulisimama kando ya jiko ukafunua sufuria. "Senge, angalia huu mfuniko. Maji yakiwa baridi, unakaa mkavu. Sasa ona." Mfuniko ulikuwa unatiririka. "Hii sufuria ni bahari, upande wa Mombasa. Mfuniko ni huku kwetu. Mwaka huu maji yamepata moto."

"Na nani amewasha hiyo jiko?"

"Jua na upepo. Na kuna sufuria ingine kubwa zaidi huko mbali, nayo imewashwa."

"Na ikizimika?"

"Inaweza kuzimika. Ndiyo maana Baba anasema hajui."

Senge alikutazama wewe, akanitazama mimi, na kona ya mdomo wake ikasogea kidogo. Nikaona mlango umeachwa wazi, nikaingia.

"Dada, ukivuna mapema na jua likaendelea kuwaka, utapoteza nini?"

"Pesa ya mashine ya kukausha. Na mgongo wangu."

"Na ukiacha shambani, mvua ikaja?"

Alifunika sufuria. Alitoka nje akasimama akiangalia ekari zake nne, mahindi yakiwa mabichi bado, yamebeba vizuri kuliko miaka mingi. Akarudi.

"Hiyo ndiyo lugha ungeniongelesha ile mwaka ingine," akasema. "Haya, kaeni mle."

Dada yangu akiamua jambo, heri usimame kando. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa ameshaongea na kikundi cha wamama wa kanisa lao, akapanda pikipiki mpaka Moi's Bridge kwa watu wa ushirika wenye mashine ya kukausha mahindi, ile inayovutwa kwa trekta, akawawekea wenzake zamu. Wakanunua maturubai kwa pamoja. Mwisho wa Septemba wakawa wanatembea shamba kwa shamba wakichomoa punje na kuangalia pale inaposhikana na gunzi: ikiwa na doa jeusi, imekomaa, inakatwa hata kama ni mbichi kwa kugusa. Ulienda kuwasaidia Jumamosi mbili, ukarudi mikono imechanika na majani, ukaanza kuongea Kiswahili cha Kiminini.

Mimi kazi yangu ilikuwa redio. Nilisoma utabiri mzima, kila "huenda" mahali pake, Chebet akiwa karibu yangu, na tukawauliza wasikilizaji swali lile lile nililomuuliza dada yangu. Mzee mmoja wa Sirisia alipiga simu: "Sasa bana, mnatuzungusha. Kama ni wewe ungefanya nini?" Nikamwambia ningevuna mapema, na kwamba nikikosea nitakuwa nimempotezea pesa, na ajue hivyo kabla hajainua panga. Akasema asante, hajawahi kuambiwa hivyo na mtu wa redio.

Oktoba ikaingia na jua, Nasimiyu, jua kama la Januari. Siku kumi. Siku kumi na tano. Walioacha mahindi shambani wakayaona yanakauka bure bila gharama, wakaanza kutucheka. Mwenye bucha hapa Kanduyi nikimpita alikuwa anapaza sauti: "Mtangazaji! El Nino yako imekwama Nairobi?" Studio ikawa inajaa simu za kejeli. Na nakiri kwako kwamba kishawishi kilikuja kwa nguvu zote: nifungue maiki niseme, ngojeni, itanyesha, mtaona! Nilijua ulimi wangu ungelisema vizuri. Asubuhi ile nikasoma huenda, nikafunga maiki, nikarudi nyumbani nimechoka kama niliyelima.

Uliniuliza mezani, "Umesema huenda?"

"Nimesema."

"Basi kula."

Wiki ya tatu ya Oktoba ikaanza, na mvua ikaja. Hukuhitaji redio. Ilipiga mabati siku nzima, ikapumzika kidogo, ikaendelea. Iliendelea wiki baada ya wiki. Malori yakazama barabarani, mto Nzoia ukajaa mpaka mashamba ya kandokando, na marundo ya mahindi yaliyoachwa nje yakaota kijani kibichi juu kana kwamba yamepandwa upya. Niliona wanaume wazima wamesimama shambani wakitazama tu. Hilo usilisahau katikati ya furaha yetu. Si kila mtu alitusikia, na wengine walitusikia wakakosa zamu ya mashine.

Lakini Kiminini! Asubuhi moja ya mvua nilikuwa hewani na Chebet, tunapokea simu.

"Nani mwenzetu kwenye laini?"

"Rael. Kutoka Kiminini."

Nikaisogelea maiki kana kwamba ningemwona. Katika miaka yangu yote ya redio, hii ilikuwa mara ya kwanza kumsikia hewani.

"Nimefungua redio yako leo," sauti ikasema. "Sasa nyamaza niongee. Watu wajue huyu ni ndugu yangu, tumbo moja. Ile mwaka ingine alinidanganya. Aliomba msamaha hapo hapo mkasikia, mimi nikakataa kusikia. Mwaka huu amekuja kwa jikoni yangu akaniambia hajui. Nikasema, eh, sasa huyu mtu anajua! Nina mahindi kwa stoo, ukitia mkono kwa gunia inalia kama kokoto. Na si mimi pekee. Wamama, semeni!"

Wakapiga vigelegele. Hawakuwa wawili watatu, walikuwa kikundi kizima, wamejazana chini ya mabati ya dada yangu, mvua inapiga juu, wao wanapiga chini, na yote yakapita kwenye simu yakajaa studio. Chebet alivua vipokea sauti vya masikioni akainuka akacheza pale pale kwenye zulia, dada aliyezomewa barazani, anacheza machozi yakimtoka. Meneja akafungua mlango nikadhani amekuja kutukataza. Alikuja kucheza.

Unakumbuka ibada ya shukrani. Ukumbi ulijaa, magunia yamepangwa mpaka madhabahuni, na walipomaliza kutaja majina wakakuita mbele, "mwalimu wa sufuria", wakakuzunguka wakiimba, na Senge akakuvisha kanga mabegani. Ulikuwa unaona haya ukifunika uso. Mimi nilikuwa nyuma nimeshika nguzo.

Nataka kukwambia nilichokiwaza nikiwa nimeshika nguzo ile, kwa kuwa sijamwambia mtu. Niliwaza kwamba kama jua lingeendelea mpaka Desemba, ibada hiyo isingekuwepo, na bado ningekuwa nimesema kweli. Ushindi wangu haukuja na mvua. Ulikuja Agosti, nilipoweza kutamka "sijui" mbele ya dada yangu na nisikimbie. Mvua ilikuwa zawadi, na nikaipokea kwa mikono miwili, nikashangilia mpaka sauti ikaniisha. Nawe ukipewa ya kwako, shangilia. Usijifanye mnyenyekevu.

Kosa la mwisho ni dogo, ila linakuhusu wewe moja kwa moja. Ulipoleta habari kwamba umechagua kusomea bahari, mimi niliyekuwa nimeokolewa na bahari nilikasirika. Nilitaka uwe daktari. Nikakwambia, "Bungoma hakuna bahari."

Ukanijibu, "Ipo, Baba. Inanyesha hapa kila Oktoba."

Nilitoka nje nikajifanya naangalia ng'ombe. Nilikuwa nimeshashindwa, na sijawahi kufurahia kushindwa kama siku ile.

Kule unakokwenda utakuta watoto waliozaliwa ufukweni, wanaoogelea kabla ya kutembea, na watakucheka mtu wa bara uliyezaliwa kiangazi ukaitwa Nasimiyu. Wacheke. Watakufundisha kupima joto la maji, watakupeleka mbali kwenye meli kusoma vyombo vinavyoelea, na kuna siku utachoka, mikono inanuka chumvi, utaona tarakimu ni tarakimu tu. Siku hiyo mkumbuke mtu mmoja, yeyote unayemtaka, amesimama mlangoni kwake anaangalia shamba na hajui akate au angoje. Ile tarakimu inakwenda kwake. Iandike ilivyo. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Mimi nilingoja wiki sita na zilinigharimu miaka mitano ya dada yangu. Na ukipata bosi anayetaka ufute neno ili taarifa isikike vizuri, unajua la kufanya kuliko mimi. Ulilijua ukiwa darasa la sita.

Nimekuwa baba mwenye mdomo mwingi na masikio machache. Hata hivyo nyumba hii imetoa mtu atakayekwenda mpaka pale msimu unapoanzia na kuutazama kwa macho yake. Nasema hivi kwa majivuno, na sitaki unisamehe kwa hilo.

Nasikia kelele getini. Ngoja niangalie dirishani. Umerudi, na pikapu imesimama nyuma yako, imejaa wamama wa Kiminini, Senge Rael akiwa amesimama juu na jogoo chini ya kwapa, ati wamekuja kukusindikiza. Wamekushusha mkoba, wamekuinua juu mabegani, na mama yako amekimbia nje na mwiko mkononi akipiga vigelegele kuwashinda wote. Majirani wanatoka. Kalamu naiweka chini. Goti langu limekataa kucheza tangu mwaka jana, na leo halijaulizwa.

Nakuja.

Baba yako,
Wanjala